Dafu la Igawa

Kinywaji ninachokikumbuka kilikuwa cheupe kama maziwa, kichachu kidogo, na kilikuwa na sukari nyingi. Mama alikuwa ananipa pale Igawa, basi linaposimama, tukiwa njiani kutoka Mbeya kwenda Iringa kwa bibi. Alikuwa anashuka, mimi nabaki nimeshikilia siti yake, halafu anarudi na chupa ya plastiki, anaitikisa, anasema, "Haya, dafu lako hilo." Nakunywa, nalala, naamka Mafinga. Kwa hiyo nikiulizwa napenda nini nilikuwa najibu dafu. Lilikuwa jibu fupi na watu walikuwa hawaulizi zaidi.

Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Hilo sitaliandika. Nimejaribu mara mbili kwenye hii hii kaunta buku na kurasa zote mbili nimezichana. Nitaandika habari za vinywaji, ambazo naziweza.

Baba ni dereva wa lori, anakwenda Dar na kurudi mpaka Tunduma, kwa hiyo nyumbani tunamwona kwa zamu. Mwaka jana alimleta anti kwenye nyumba yetu ya Soweto, hapa Mbeya. Namwita anti kwa sababu hakuna aliyeniambia nimwite nani, na "mama mdogo" nililijaribu likaishia kooni. Ni Mbondei wa Muheza, huko Tanga, na anauza nazi sokoni Mwanjelwa. Siku ya kwanza baba, ili watu waache kukaa kimya, alimwambia, "Huyu anapenda sana dafu." Anti akanigeukia uso wake wote. Nadhani alifurahi kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Alikuja Mbeya hajui mtu, hajui baridi, na sasa anaambiwa mtoto wa nyumba hii anapenda kitu anachokijua yeye.

Mimi siku hizo nilikuwa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, ile ganzi kabla haijaisha. Unaweza kujing'ata usijue. Nilikuwa naenda shule, narudi, naosha vyombo, naandika notsi. Walimu waliniandika kwenye ripoti kwamba nina nidhamu. Nilikuwa siongei tu.

Mwezi wa kumi na moja mjomba, kaka yake mama, alipiga simu kutoka Iringa. Baba aliweka spika kwa sababu alikuwa anafunga viatu. Mjomba alisema Desemba tukifunga shule twende, msalaba wa saruji wa kaburi la mama uko tayari, utasimikwa. Halafu akasema jambo la pili. Bibi analalamika kwamba mtoto akipigiwa simu haongei, anapumua tu. Familia itakaa, na mimi nitaulizwa mbele ya watu wazima wote kama nataka kubaki kwa bibi, nihamie shule ya huko, au nirudi Mbeya. "Tunataka tumsikie kwa mdomo wake," mjomba alisema. Mimi nilikuwa palepale nakunja sare. Nikaendelea kukunja.

Baadaye, nikiwa nje naanua nguo, nilimsikia anti jikoni akimwambia baba, bila hasira, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Akisema anabaki kule, hakuna atakayesema kampenda bibi yake. Watasema mwanamke wa pwani kamfukuza mtoto wa marehemu."

Baba akasema Mungu atasaidia. Anti akasema Mungu asaidie na mtu naye aseme kitu.

Sikumchukia anti, sikumpenda. Bibi nilimpenda, lakini nalo nilikuwa nalijua tu, kama unavyojua mji mkuu wa nchi fulani. Nilijiona kama begi. Mtakaponiweka ndipo nitakapokuwa.

Wiki iliyofuata lori la nazi lilikuja na madafu matano kwenye kiroba, anti aliyaagiza kwao. Alichagua moja, akalikata kichwa kwa panga, mapigo matatu, akanipa kwa mikono miwili. Lilikuwa zito na limejaa mpaka mdomoni. Nilichungulia ndani nikaona maji angavu, unaona mpaka chini. Nikajua kabla sijanywa kwamba kuna kosa. Maji yale yana utamu wa mbali na chumvi kidogo, kama maji yaliyooshea kitu kitamu. Akalipasua, akachonga kijiko kwenye ganda lake, akanionyesha jinsi ya kukwangua ule utando laini. Nikakwangua.

Akauliza, "Tamu?"

Nikasema ndiyo. Alipoingia ndani kuchukua kitambaa nikamwaga maji yaliyobaki kwenye mgomba, na madafu mengine manne nikayamaliza kwa njia hiyohiyo, moja kila siku. Siku ya sita asubuhi shina la mgomba lilikuwa jeusi kwa sisimizi. Anti alisimama akawaangalia muda mrefu na mswaki mdomoni. Nilingoja anigombeze. Akatema povu, akaniuliza dafu langu mimi lilikuwaje.

Nikasema, "Jeupe. Kama maziwa. Linachachuka kidogo."

Akakaa kwenye ngazi. "Kama maziwa. Basi mwanangu, hilo halikuwa dafu." Alilisema kama mtu aliyepata nafuu. Nadhani alikuwa ameogopa kwamba ninachokataa ni yeye.

Ndivyo alivyoanza kutafuta. Hakuniambia anatafuta, lakini nilimwona. Jumamosi nilikuwa naenda kumsaidia kibandani Mwanjelwa, nazipanga nazi zitazame upande mmoja. Kuuza nazi Mbeya ni kazi ya kuongea, na ndiyo maana mimi nilikuwa napanga tu. Kuna mama mmoja alikuja na mwenzake, akaonyesha zile nazi kavu za kahawia, akauliza, "Dafu hizi unauzaje?"

Anti akamwambia hizo ni nazi.

"Si ni hizo hizo?"

"Si hizo hizo, mama. Dafu na nazi ni mjukuu na bibi. Ukoo mmoja, lakini ukimtuma bibi kazi ya mjukuu atakuvunjikia njiani."

Yule mama akamgeukia mwenzake, akasema mtu wa pwani katuletea nazi, sasa katuletea na darasa. Muuza nyanya wa jirani, ambaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu na huwa hapitwi na neno, akasema mwacheni, siku tukienda kwao tutawafundisha ndizi, maana wao kila ndizi ni ndizi. Wote wakacheka, anti naye, na yule mama akanunua mbili.

Lakini kabla ya kununua alitaka uhakika. Watu wa hapa wanaogopa nazi iliyooza kwa sababu kwa nje haikuambii kitu. Kwa hiyo anti anaitikisa sikioni mwa mteja asikie maji yanavyocheza. Mteja akiwa bado na wasiwasi, anampigia moja kwa mgongo wa panga, inapasuka, maji yanamwagika chini, mteja ananusa. Siku ile anti alikinga kikombe. Akanipa.

Haya sasa ni maji ya nazi, akasema, onja. Na akanieleza, huku anahesabu chenji ya watu wengine. Dafu ukilitikisa halisemi kitu, kwa sababu limejaa. Likikua, maji yanageuka kuwa nyama kidogo kidogo. Kuna umri wa katikati linaitwa koroma, halifai kunywa na halifai kukuna, linasubiri tu. Halafu inakuwa nazi, nyama imekomaa, na maji yaliyobaki ni machache, ndiyo maana yanapiga kelele. Nilifikiria lile neno, koroma. Nilifikiria kwamba na mimi nina umri huo. Halafu nikaacha kufikiria.

Maji ya nazi yalikuwa mazito kidogo kuliko ya dafu, utamu wake umechoka. Siyo yenyewe. Lakini harufu yake niliijua. Ilipita puani mara moja kama mtu anayekatiza dirishani. Nilitakiwa kumwambia anti hivyo. Nilisema, "Siyo," nikarudi kupanga.

Jumapili alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, akakuna nazi tatu. Akaongeza maji, akakamua, akachuja. Lile tui la kwanza ni zito, alisema, hilo halinywewi, ni la kumalizia mchuzi. Akayarudishia machicha maji, akakamua mara ya pili, tui jepesi. Hilo alilichemsha, akaweka sukari na hiliki, akalipeleka kwenye friji la jirani. Jioni akaniletea kwenye glasi. Lilikuwa jeupe kabisa. Nilitaka liwe lenyewe, kweli, ili tumalize. Nikanywa nusu glasi. Mafuta yakabaki kwenye midomo na kwenye meno, na uchachu haukuwepo.

Alikuwa ananiangalia mdomoni.

"Siyo," nikasema.

"Linakaribia?"

"Rangi."

Akatikisa kichwa kama daktari. Wiki nyingine akaja na boksi la dukani lililoandikwa maziwa ya nazi, akalionja yeye kwanza, akasema hili ni tui lililofungiwa ndani na dawa ya kulizuia lisigawanyike, mimi tui langu likikaa linagawanyika na silionei haya. Nikaonja, siyo. Akaja na kopo lenye vipande vidogo vya nyama ya nazi ndani, tamu kama peremende. Siyo. Usiku kabla ya kulala nilikuwa naviandika vyote kwenye kaunta buku, dafu, koroma, nazi, tui la kwanza, la pili, la boksi, kama notsi za Bailojia. Nilivijua vyote kwa kichwa. Ungeniuliza kwenye mtihani ningepata.

Mara moja tu alitania. Alisema kimebaki tembo la mnazi, ile pombe ya kwao, na hilo sikupi, na hata hivyo halitoki kwenye nazi, linagemwa kwenye ua, nazi yenyewe haijazaliwa. Akacheka, halafu akauliza, "Mama yako alikuwa anakunywa?" Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja.

Nikasema alikuwa Mlutheri.

Anti akasema hata Muheza Walutheri wapo. Nilitabasamu, nadhani. Yeye alinitazama kama nimetabasamu.

Shule zikafungwa. Baba akaomba ruhusa kazini. Anti hakwenda, kwa sababu huwezi kwenda kwenye msalaba wa mke mwenzio kama wenye kaburi hawajakuita, na bibi hakumwita. Asubuhi ya safari alimpelekea bibi salamu, chupa ya tui jepesi lililochemshwa na sukari, limefungwa ndani ya kanga ya zamani. Akanielekeza nisilitikise na nisilifungue njiani. Akaiweka kanga vizuri juu ya chupa, mara mbili, ilhali ilikuwa vizuri tangu mwanzo.

"Ukiulizwa," akasema, "sema unachotaka. Mimi sitakasirika."

Nikasema haya.

Igawa basi likasimama kama kawaida. Baba akashuka kwenda kujisaidia. Mimi nikabaki nimeshikilia siti yake. Dirishani walikuwepo wanaouza mahindi, mchele wa Mbarali, maziwa ya mgando kwenye chupa. Baba akarudi mikono mitupu, kwa sababu hakujua kwamba mtu akishuka Igawa anarudi na kitu. Safari zile zote yeye alikuwa njiani na lori lake. Nilifungua kanga nikaangalia chupa. Tui lilikuwa limegawanyika, juu zito, chini maji ya kijivu. Nikaifunga. Tulipofika Makambako chupa ilikuwa imeanza kunuka.

Bibi anakaa nje ya mji wa Iringa, njia ya Kalenga. Nilipiga goti nikasema kamwene, salamu ya kwao, akaitikia, akanishika uso akaniangalia meno kama ng'ombe wa mnadani, akasema nimekonda. Kesho yake tulisimika msalaba. Mchungaji aliomba, kwaya ya akina mama ikaimba, mvua ikanyesha kidogo ikaacha. Nilikuwa naangalia viatu vya mjomba, ambavyo vilikuwa na saruji mbichi, nikawaza kwamba asipovisafisha mapema vitakauka hivyo. Watu walinishika mabega. Nilisikia uzito wa mikono, nikawa nahesabu ni mkono wa nani.

Mchana, wageni walipopungua, nilikuwa jikoni na bibi. Mianzi yake nyuma ya nyumba ilikuwa imeanza kutoa ulanzi, ule utomvu mtamu unaogeuka pombe ukikaa, maana mvua zilikuwa zimeanza, na mjomba alikuwa anaita kutoka nje apewe. Bibi alikuwa na madumu matatu. Akanusa la kwanza, akalisogeza, hilo la leo asubuhi, la watoto na la mchungaji. Akanusa la pili, la jana. La tatu akalifunga upesi, akasema hilo la juzi, la mjomba wako, hilo ukilipa mtu asiyelijua atagombana na mlango. Kisha akaichukua chupa ya anti, akaifungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imekufa," akasema. "Ni nini?"

Nikamwambia ni tui, la pili, siyo la kwanza, na siyo maji ya nazi, na siyo dafu.

Bibi akasema watu wa pwani wana mambo, tunda moja majina kumi. Nikatazama madumu yake matatu. Hilo nililiandika baadaye.

Halafu nikauliza. Sijui kwa nini siku ile. Pengine kwa sababu nilikuwa nimeshika chupa, na bibi alikuwa ananipa mgongo, na ni rahisi kuongea na mgongo. Nikamuuliza lile dafu alilokuwa ananipa mama Igawa, alikuwa analinunua wapi, maana anti amelitafuta mwezi mzima hajalipata.

Bibi akageuka. "Dafu? Mama yako dafu aliliona wapi?"

Akakaa kwenye kigoda. Alieleza taratibu, huku anapangusa shingo ya chupa ya anti kwa kidole. Nilikuwa darasa la kwanza. Kwenye kitabu cha kusoma kulikuwa na herufi d na picha ya dafu lenye mrija. Nikarudi nyumbani nalia nataka dafu. Mama hajawahi kuliona, amezaliwa hapa, ameolewa Mbeya, bahari ameiona kwenye kalenda. Akaenda Mwanjelwa akauliza dafu, akauziwa nazi, maana muuzaji naye ama hakujua, ama alijua akanyamaza. Akaivunja. Yakatoka maji nusu kikombe. Nikaonja nikasema siyo tamu, nikalia tena. Kesho yake akayachanganya na maziwa na sukari. Nikanyamaza.

"Ndiyo likawa dafu," bibi akasema. "Mkija huku, anavunja nazi asubuhi, anabeba yale maji kwenye chupa, hayafiki hata nusu. Akifika Igawa anashuka ananunua mgando kwa wale wafugaji, anajazia, anatikisa. Alinihadithia mwenyewe, hapo ulipokaa, anacheka mpaka anashika ukuta. Nikamwambia mwambie mtoto ukweli. Akasema mama, niache, naona haya, atajua shuleni."

Akaniangalia. "Hukujua shuleni?"

"Hatujafika huko," nikasema.

Bibi akacheka, halafu macho yake yakajaa, akajipangusa kwa kanga ya anti iliyokuwa imefunga chupa. Mimi nilibaki namwangalia. Nilikuwa najaribu kumwona mama amesimama Mwanjelwa, anashika nazi kavu, anauliza dafu hizi bei gani, na watu wanacheka. Nilisikia sauti yake zaidi kuliko kuuona uso.

Jumapili baada ya ibada familia ikakaa sebuleni. Mjomba, mama mkubwa, baba, mzee mmoja wa kanisa, na bibi kwenye mkeka karibu na mlango. Mjomba alizungumza kirefu kuhusu damu na malezi. Alisema hakuna anayemnyang'anya baba mtoto. Alisema nyumba hii ina nafasi na shule iko karibu. Halafu akanigeukia.

"Sema mwenyewe. Unabaki kwa bibi yako, au unarudi Mbeya?"

Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Nilijua kila mmoja ameandaa jibu langu. Mimi siku zote sikuwa nalo, na pale kwenye kiti nilikuta ninalo, dogo, lisilofanana na swali.

"Narudi," nikasema.

Mjomba akasema nisiogope, baba yangu hatanifanya kitu, nieleze sababu.

Nikasema, "Anti ananitafutia kitu. Mimi ndiye ninayejua kilipo."

Mama mkubwa akauliza kitu gani hicho, pesa? Nikasema siyo pesa. Mzee wa kanisa akasema mtoto amejibu, tusimvute ulimi. Mjomba akaonekana ameishiwa, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akakuta uko wazi.

Bibi peke yake ndiye aliyeelewa. Hakuinua sauti. "Kwa hiyo nimekuambia ili uondoke."

Nilisema likizo ya mwezi wa sita nitakuja, na kwenye simu nitaongea. Akasema tutaona. Akainuka akaenda jikoni, na nikasikia anasogeza madumu ambayo hayakuhitaji kusogezwa.

Wakati wa kurudi, Igawa nilimwambia baba abaki ashikilie siti. Akashangaa, akabaki. Nilishuka. Nilikuwa sijawahi kununua kitu hapo kwa mkono wangu, na wauzaji walinizunguka wote kwa pamoja nikataka kurudi ndani. Kulikuwa na mama mmoja wa wale wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani, amesimama pembeni, hakuita. Nikaenda kwake. Akaniuliza nataka mgando wa leo au mkali. Nikasema sijui. Akamimina kwenye kifuniko nionje, wa kwanza, halafu wa pili. Nikasema wa pili. Nikapanda na chupa, nikaiweka mapajani mpaka Mbeya. Baba hakuuliza. Karibu na Uyole, tukiingia mjini, akasema, "Mama yako alikuwa anapenda mgando?" Nikasema nadhani.

Anti alitufungulia mlango. Hakuniangalia mimi kwanza, aliangalia begi langu, kama limerudi lote. Halafu akasema karibuni, poleni na safari, akaondoka haraka kwenda kuinjika chai.

Nilimfuata jikoni. Nikamwomba avunje nazi moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kitu na nadhani ndiyo maana hakuuliza. Akavunja, nikakinga maji kwenye kikombe. Nikamimina mgando, nikaweka sukari, nikatikisa kwenye chupa. Nikamweleza, kwa maneno machache, kitabu cha darasa la kwanza, Mwanjelwa, Igawa. Nilimaliza haraka. Akaonja. Akashika kile kinywaji mdomoni muda kabla ya kumeza.

"Huu ni mtindi," akasema.

"Ndiyo."

"Yaani nimekuna nazi mwezi mzima, kumbe natafuta ng'ombe."

Akacheka kwa pua. Halafu akaonja tena, taratibu, akasema lakini maji ya nazi yamo. Nikasema yamo. Akasema alikuwa na akili, mama yako, uchachu wa mgando umeficha uzee wa yale maji. Alisema kama fundi anayeisifu kazi ya fundi mwingine.

Nikanywa. Ilikuwa yenyewe, karibu. Nikangoja kulia, kwa sababu nilifikiri ndipo mahali pake. Sikulia. Nilisikia ubaridi ukishuka kifuani mpaka unapoishia. Nikamwambia ya mama ilikuwa na sukari zaidi. Akaongeza kijiko, akakoroga, akanirudishia.

Siku hizi kibandani anti akipasua nazi anakinga kikombe, hamwagi tena chini. Nami nikitoka shule nakuta kimefunikwa na kisahani. Jumamosi iliyopita kuna mteja alikiona akauliza hayo ndiyo maji ya dafu. Anti akafungua mdomo, mimi nikajua darasa linaanza. Lakini akaufunga, akaendelea kupanga nazi.

"Muulize huyu," akasema.

Yule mteja akanigeukia. Nikasema ni maji ya nazi.

Akasema, "Si ni yale yale?"

Nikasema siyo.